Pumu kwa Wavulana, Pumu kwa Wanawake: Jeni, Homoni na Moshi wa Jikoni

Pumu ni ugonjwa unaobadili upande kadiri umri unavyosogea. Utotoni huwapata wavulana zaidi kuliko wasichana. Baada ya kubalehe mizani hugeuka: wanawake huwa wengi kuliko wanaume, na pumu yao mara nyingi huwa kali zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na watu 455,000 walifariki kwa sababu yake. Kwa wahudumu na wagonjwa wa Peramiho, kuelewa chanzo cha mgeuko huo kunasaidia kujua ni nani wa kuulizwa nini, na wakati gani.

Kitabu kimoja, usomaji tofauti

Karibu kila seli ya mwili hubeba seti nzima ya jeni, mithili ya kitabu kimoja. Hata hivyo, seli ya pafu haisomi kurasa zilezile zinazosomwa na seli ya ini. Jeni inaposomwa, seli hutengeneza protini inayohusika. Isiposomwa, hukaa kimya. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2020 ulichunguza tishu za aina 44 kutoka kwa watu 838. Ilibainika kuwa jeni 37 katika kila 100 husomwa kwa viwango tofauti kati ya wanaume na wanawake, angalau katika tishu moja. Tofauti nyingi ni ndogo, lakini zikikusanyika zinaweza kubadili mwenendo wa ugonjwa.

Chanzo kimoja ni kromosomu X, ambayo mwanamke anazo mbili na mwanamume moja. Mwaka 1961 mwanasayansi wa Uingereza Mary Lyon alieleza kuwa katika kila seli ya kike kromosomu X moja hunyamazishwa. Baadaye ikajulikana kuwa unyamazishaji huo si kamili: takriban jeni 15 katika kila 100 za kromosomu hiyo huendelea kusomwa. Kromosomu X ina jeni kadhaa za kinga ya mwili, na pumu kwa sehemu kubwa ni kinga inayoitikia vumbi, chavua au mafua kwa nguvu kupita kiasi.

Chanzo cha pili ni homoni. Majaribio ya wanyama na ya seli yameonesha kuwa testosteroni hutuliza seli za kinga zinazochochea uvimbe wa mzio kwenye njia za hewa, ilhali estrojeni na projesteroni huweza kuuongeza. Ndiyo maana kubalehe huweza kumpa nafuu mvulana na kumletea dada yake dalili mpya. Kabla ya hapo mvulana ana udhaifu mwingine: njia zake za hewa ni nyembamba zikilinganishwa na ukubwa wa mapafu yake.

Jeni si hatima

Ni kosa kuhitimisha kwamba mwanamke huugua kwa sababu ya maumbile pekee. Peramiho, magharibi mwa mji wa Songea, miezi ya katikati ya mwaka ni ya baridi, na moto wa kuni ndani ya jiko lililofungwa ni jambo la kawaida. Anayeinama juu ya mafiga kwa kawaida ni mama au binti. Moshi huo huchokoza njia za hewa ambazo tayari ni nyepesi kuvimba. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Wakati tunaisubiri, kupika mahali penye hewa, kutumia kuni zilizokauka vizuri na kumpokeza jiko mtu asiye na pumu ni hatua zinazowezekana leo.

Mambo ya kuzingatia kliniki

Tiba ya pumu kwa sasa haitofautiani kwa jinsi. Kinachotofautiana ni maswali. Mwanamke aulizwe kama kifua hubana zaidi siku chache kabla ya hedhi, na aandike tarehe hizo kwa miezi miwili au mitatu. Mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu, hata kama anajulikana kuwa na pumu.

Mjamzito anahitaji uangalizi wa pekee. Takriban theluthi moja ya wajawazito wenye pumu huzidiwa, theluthi hupata nafuu, na theluthi hubaki walivyokuwa. Wapo wanaoacha dawa wakihofia kumdhuru mtoto. Hatari kubwa iko upande wa pili: pumu isiyodhibitiwa humnyima mtoto oksijeni, na huongeza uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Dawa ya kuvuta yenye steroidi, kama beklometasoni au budesonidi, iendelee kama ilivyoelekezwa. Haileti uteja.

Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haupendekezi kutegemea salbutamoli peke yake kwa vijana na watu wazima. Salbutamoli hufungua njia za hewa kwa saa chache, lakini uvimbe hubaki. Steroidi ndiyo huutuliza.

Mgonjwa asiyeweza kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au ambaye midomo yake imegeuka rangi ya bluu, afikishwe hospitali mara moja, huku akiendelea kuvuta dawa yake njiani.