Peintiboli: kinga ya uso kwanza

Vijana wa msikiti wetu wameomba kupelekwa kucheza peintiboli likizo hii, na wazazi wametuuliza ni mchezo gani huo.

Ulianza Marekani mwaka 1981, kwa bunduki za gesi zilizokuwa zikitumika kutia alama miti na ng'ombe. Timu mbili huwindana. Apigwaye na kipira kikapasuka rangi mwilini, hutoka uwanjani. Kipira hicho cha milimita 17 huweza kwenda mita 90 kwa sekunde. Kikipiga paja, huacha alama ya siku chache. Kikipiga jicho, huweza kupofusha.

Mtume (s.a.w.) alikataza kupiga uso, na akakataza kumwelekezea ndugu silaha, hata kwa mzaha, kwa kuchelea madhara. Kinga ikiwa usoni, huo ni mchezo. Ikivuliwa, bunduki ile imekuwa silaha.

Kwa hiyo tumeafiki kwa masharti mawili. Ndani ya uwanja, kinga ya uso haivuliwi, hata kioo kikifanya ukungu. Nje ya uwanja, mtutu hufunikwa. Atakayekiuka atakaa pembeni pamoja nasi. Macho ni amana.