"Nani anatuona?" Siku niliyokwenda kuvua na mwanangu Montana

Missoula, Marekani – Nimezaliwa Pemba, nimekulia kwenye ngalawa, na huu ni mwaka wa 26 naishi Maskati. Uvuvi naujua. Kwa hiyo mwanangu aliponiambia kwenye simu, "Baba, ukija nitakupeleka kuvua kwa nzi," nilicheka. Nzi na samaki wapi na wapi?

Ukweli, safari yangu haikuwa ya uvuvi. Kijana alikwenda kusoma kwenye mji huu mdogo wa jimbo la Montana, akamaliza, akapata kazi, akabaki. Miaka mitatu hajaja nyumbani. Mama yake analia, mimi nanuna, na kila simu ikawa inaishia kwenye suali lile lile: "Unarudi lini?" Mwisho simu zenyewe zikapungua. Julai, joto la Maskati limeshapita digrii 40, nikakata tiketi na nia moja moyoni: sirudi peke yangu.

Siku ya tatu tuliondoka baada ya Alfajiri kuelekea mto Blackfoot. Tulikuwa watatu: mimi, mwanangu, na rafiki yake Mkongo wa Bukavu. Familia za wakimbizi kutoka Kongo zilianza kupokewa mji huu mwaka 2016, na Kiswahili siku hizi unaweza kukisikia hata sokoni. Chake na changu vilikuwa vinakutana njiani, lakini tulielewana.

Mto wenyewe, subhanallah. Unatoka milimani, maji ya theluji iliyoyayuka, na ni maangavu kiasi kwamba unahesabu mawe chini. Ulipoungana na mto Clark Fork, karibu na mji, palikuwa na bwawa la umeme lililojengwa 1908. Nyuma yake yakajaa matope yenye sumu kutoka machimbo ya shaba ya huko juu. Mwaka 2008 bwawa likavunjwa, na samaki wakapata njia tena baada ya miaka mia.

Sasa uvuvi wenyewe. Sisi tumezoea mshipi wa mkono: chambo, ndoana, na chubwi la kuipeleka chini. Huku chubwi hamna. Ndoana ni ndogo, imezungushiwa nyuzi, manyoya na unyoya wa ndege mpaka ifanane na mdudu. Ni nyepesi, huwezi kuirusha. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na una uzito. Unaupeleka nyuma kwa ufito, unasubiri unyooke hewani, halafu unaurudisha mbele, na mdudu anautua taratibu juu ya maji. Kipindi cha kiangazi panzi wa majanini hupeperushwa na upepo wakaangukia mtoni, kwa hiyo sisi tulifunga panzi wa bandia.

Samaki anayetafutwa ni trauti. Hukaa kichwa kimeelekea mkondo unakotoka, anasubiri riziki iletwe na maji. Mshipi ukimvuta panzi hata kidogo kuliko kasi ya maji, trauti anajua kuna namna, anakuachia. Saa nzima ya kwanza nilivua vichaka tu. Mara nasimama vibaya, kivuli changu kinaanguka majini. Yule Mkongo akaniambia kwa upole, "Mzee, samaki iko nakuona."

Kwenye saa nne asubuhi nikampata. Mwanangu akaja mbio: "Baba, lowesha mikono kwanza!" Mkono mkavu unamtoa ule utelezi unaomkinga na maradhi. Alikuwa kama shubiri mbili, ana madoa meusi, na chini ya taya ana mstari mwekundu kama wa kisu. Kwa Kiingereza amepewa jina kwa mstari huo. Nikasema, "Huyu kashachinjwa tayari, twende tukamle." Wote tukacheka. Halafu mwanangu akamshika ndani ya maji, kichwa mkondoni, mpaka alipopata nguvu akaponyoka.

Nikakasirika, sikufichi. Kwetu samaki si mchezo. Marehemu ami yangu alikuwa akituchapa tukichezea dagaa. Nikamwambia, "Unamtesa kiumbe, halafu unamwacha? Kwa starehe?" Hakubisha. Akasema suali hilo hata yeye linamsumbua, na wa kula anawavua ziwani, kunakoruhusiwa. Huku mtoni samaki wa asili wamepungua, na mmoja katika wao analindwa na sheria ya nchi nzima. "Nikimchukua mimi, na yule, na yule, kesho hamna," akasema.

Tukaendelea. Jua likapanda. Adhuhuri huko, kiangazi, inaingia saa nane kasorobo. Tulipotoa salamu, nikaona kitu nyuma ya jiwe kubwa upande wa pili: trauti mkubwa kuliko wote, anapanda juu na kumeza panzi wa kweli, mmoja baada ya mwengine. Nikanyanyua ufito. Mwanangu akatazama saa. "Baba, tumemaliza. Saa nane."

Nikadhani anatania. Kumbe maji yakifika nyuzi joto 23 kwa siku tatu mfululizo, idara ya samaki ya Montana inaweza kufunga uvuvi kuanzia saa nane mchana mpaka usiku wa manane. Maji ya moto yana hewa kidogo. Trauti akipigana na mshipi jioni ya joto anaweza kufa hata ukimwachia. Kanuni yenyewe wameipa jina la bundi. Nikamwambia bundi kwetu ni nuksi, na leo nimeamini.

Nikageuka kulia na kushoto. Hakuna mtu, hakuna gari, hakuna askari. Kibali cha kuvua nilikilipia pesa yangu. "Mrusho mmoja tu," nikasema. "Nani anatuona?"

Mwanangu alinyamaza kidogo. "Baba, nilipokuwa na miaka minane nikifunga, nilikuuliza nikinywa maji jikoni nani ataniona. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Nilikumbuka. Nikakunja mshipi.

Njiani nilikuwa nafikiri. Oman nguru, au kanadi kama tunavyomwita huku, hafungwi mpaka Agosti 15, na akifungwa hafunguliwi mpaka Oktoba 15, na sote tunasubiri. Pemba kuna vijiji vinafunga miamba ya pweza kwa miezi, na siku ya kufungua pweza wanatoka wakubwa. Haya si mambo ya Wazungu. Ni mambo yetu, na mwanangu alikuwa nayo mfukoni siku zote.

Wazazi wenzangu, mimi nilikwenda kumchukua mtoto niliyedhani amepotea. Nikamkuta anasali kando ya mto na anatii sheria pasipo mtu. Lile suali la "unarudi lini" sikuliuliza tena. Nilirudi peke yangu, na uwanja wa ndege yeye mwenyewe akasema Idd atakuja.

Sasa simu inalia kila Ijumaa. Wiki iliyopita alinitumia picha ya kipimajoto ndani ya maji: nyuzi 16. Chini yake ameandika, "Mto umefunguliwa, Baba. Yule wako bado yupo nyuma ya jiwe."