Kutafuta Makasha Yaliyofichwa Mjini Arusha

Watoto wa kila nchi wajua mchezo wa kuficha na kutafuta. Lakini uko mchezo mmoja wa namna hiyo ambao uwanja wake ni dunia nzima, nao huchezwa na wakubwa kwa wadogo. Huitwa jiokachingi. Mtu huweka kasha dogo mahali pa siri, na ndani yake hutia daftari, na pengine vitu vidogo vidogo kama shanga au kifungo. Kisha huandika vipimo vya mahali pale na kuvitangaza kwa intaneti, ili mtu mwingine asiyemjua kabisa apate kulitafuta. Mwenye kuliona huandika jina lake na tarehe. Akitwaa kitu, huacha kingine chenye thamani iyo hiyo au zaidi. Kisha hulirudisha kasha mahali pake, kama alivyolikuta.

Asili ya mchezo huu ni ya zamani kidogo. Mwaka 1854, katika nyika ya Dartmoor huko Uingereza, kiongozi wa wasafiri aitwaye James Perrott aliacha chupa mahali paitwapo Cranmere Pool, ili wafikao pale waache kadi zao. Lakini jiokachingi yenyewe ilianza mwaka 2000. Kabla ya hapo serikali ya Marekani ilikuwa ikiharibu kwa makusudi usahihi wa ishara za setilaiti zake za GPS zitumiwazo na raia. Mwanzo wa mwezi wa Mei mwaka ule ikaacha kufanya hivyo, na tarehe 3 Mei mtu mmoja, Dave Ulmer, akaficha ndoo karibu na mji wa Portland na kutangaza vipimo vyake. Katika siku chache tu ikaonekana.

Je, chombo kidogo cha mkononi hujuaje mahali kilipo? Juu ya dunia, kwa kadiri ya kilometa 20,200, huzunguka setilaiti zaidi ya 24, na kila moja hutoa ishara yenye kutaja saa yake. Ishara hizo huenda kwa mwendo wa mwanga, yaani karibu kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Chombo hupima ishara imechukua muda gani kufika, na kwa muda huo hujua umbali wa setilaiti. Kwa kuwa saa ya chombo si sahihi kama za setilaiti, yahitajiwa setilaiti nne: tatu za kupata mahali, na ya nne ya kusahihisha saa. Hata hivyo chombo chaweza kukosea kwa mita chache, na zaidi chini ya miti minene au kati ya majumba marefu. Basi chombo humfikisha mtu karibu. Kazi iliyobaki ni ya macho yake.

Vipimo vyenyewe ni nyuzi na dakika. Mji wa Arusha uko karibu nyuzi 3 na dakika 22 kusini mwa Ikweta, na nyuzi 36 na dakika 41 mashariki. Kila uzi una dakika 60, na kila dakika ya kwenda kaskazini au kusini ni karibu kilometa 1.85. Kwa hiyo Arusha iko dakika 202 kusini ya Ikweta, yaani kilometa 374 hivi. Mwenye kujua hesabu hii aweza kujaribu hata maneno ya watu. Husemwa kwamba Mnara wa Saa, ulio katikati ya mji, ndio nusu ya njia kati ya Cairo na Cape Town. Cairo iko nyuzi 30 na dakika 3 kaskazini, na Cape Town nyuzi 33 na dakika 55 kusini. Kwa nyuzi peke yake, nusu yake ni uzi 1 na dakika 56 kusini, karibu na usawa wa Ziwa Magadi nchini Kenya. Basi maneno hayo ni ya kukadiria tu, wala si kipimo.

Sasa yatazamwe matengenezo ya safari. Mwenye gari lake husimama apendapo. Lakini apandaye daladala hufuata njia ya daladala, kwa hiyo hana budi kufikiri kwanza. Kwa mfano, msafiri ataka kuona katika siku moja Ziwa Duluti, Makumbusho ya Azimio la Arusha, na Mnara wa Saa. Makumbusho na mnara viko mjini, naye aweza kwenda kwa miguu kutoka kimoja mpaka kingine. Duluti iko mbali, karibu na Tengeru, katika barabara ya Moshi. Mwenye akili huanza asubuhi na mahali pa mbali, kisha hurudi akikaribia nyumbani, ili jioni isimkute ugenini. Tena huuliza siku. Soko kubwa la Tengeru huwa Jumatano na Jumamosi, na siku hizo magari hujaa watu na mizigo.

Kabla ya kupanda, msafiri husoma jina la njia mbele ya gari, na humwuliza konda kama gari lafika aendako. Nauli ya kurudi huiweka mbali na fedha nyingine, wala haigusi. Ramani huihifadhi katika simu tangu nyumbani, kwa maana ishara za setilaiti hufika hata pasipo na intaneti, lakini ramani haiji yenyewe. Na kwa kuwa simu hiyo yaweza kuzimika, huandika vipimo na majina ya vituo katika karatasi. Zaidi ya yote, aendaye peke yake humwachia mtu wa nyumbani habari: aenda wapi, kwa njia gani, na atarudi saa ngapi. Mtoto asiende peke yake, bali na mkubwa.

Kuna jambo jingine lenye kudanganya wageni. Chombo huonyesha umbali wa mstari ulionyoka, kama arukavyo ndege. Lakini mito ya Themi na Naura hupita mjini, na miteremko ya Mlima Meru ina makorongo mengi. Kasha laweza kuonekana kuwa mita mia tu mbele, kumbe daraja liko mbali. Asiyejua hushuka korongoni wakati wa masika, akateleza. Mwenye busara huitafuta njia kwanza. Mlima wenyewe, wenye mita 4,566, ni dira nzuri: uko kaskazini ya mji, na siku isiyo na mawingu huonekana kila mahali. Lakini ndani ya Hifadhi ya Arusha mtu haendi kwa miguu bila askari wa hifadhi, kwa sababu wamo nyati na tembo.

Tena, apekuaye chini ya mawe ukutani hufanana sana na mwizi. Kwa hiyo mtafutaji mwema haingii katika shamba la migomba la mtu bila ruhusa, wala hakaribii kambi ya askari. Akimwona mzee karibu, humwamkia, "Shikamoo," kisha humweleza ajalo kutafuta. Mara nyingi mzee huyo ndiye ajuaye njia kuliko chombo. Kuuliza si ujinga. Na kama makaburi yako karibu, kama yale ya Wapoland waliokimbilia Tengeru wakati wa vita tangu 1942, hupita kwa adabu, wala hagusi kitu.

Ikiwa jua linashuka na kasha halijaonekana, msafiri huliacha akarudi kituoni. Kasha litangoja; gari la mwisho halingoji.

Kasha halina kufuli wala mlinzi. Yeyote alionaye aweza kulichukua, na mchezo ukafa hapo hapo. Nalo hudumu kwa miaka kwa sababu moja tu: kila aliyelifungua alimkumbuka yule atakayekuja nyuma yake, ambaye hatamwona kamwe.