Pantoni, Basi au Kibanda cha Waya? Kuchagua Usafiri Disney World Wakati Kinga ya Mwili Iko Chini

Tuseme dada yako anaishi Marekani na mwaka juzi alipandikizwa figo. Anaendelea vizuri. Kila asubuhi na jioni anameza vidonge vya kuuzuia mwili usiishambulie figo mpya, na vidonge hivyohivyo ndivyo vinavyomshushia ulinzi dhidi ya mafua, surua na kila kinachopita hewani. Watoto wake wamevumilia miaka miwili ya hospitali. Sasa wameomba kitu kimoja tu: waende Disney World, kule Florida. Daktari amesema aende, ila awe mwangalifu na misongamano. Dada anakupigia simu wewe unayesoma sayansi: "Mdogo wangu, kuwa mwangalifu ndiyo kufanyaje?"

Wengi wetu tungemwambia avae barakoa na anawe mikono, tukakata simu. Si jibu baya, ila halijakamilika. Ndani ya bustani zenyewe watu hushinda sehemu kubwa ya siku nje, kwenye hewa ya wazi. Hewa ya kugawana inaanzia kwenye foleni za ndani, migahawa, baadhi ya michezo na, jambo ambalo wengi hulisahau, usafiri. Disney World imeenea kwenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 100. Kutoka hotelini hadi bustani ya kwanza, kwenda ya pili, kisha kurudi kulala, familia hupanda vyombo mara kadhaa kwa siku. Na tofauti na michezo, usafiri una chaguo zaidi ya moja. Tuziangalie kwa jicho la fizikia na biolojia.

Kinga iliyoshuka ni ipi?

Kinga dhaifu haina sura moja. Aliyepandikizwa kiungo hutumia dawa zinazotuliza seli T, zile zinazoratibu vita dhidi ya virusi. Anayetibiwa saratani kwa kemikali mara nyingi hupungukiwa neutrofili, askari wa mstari wa mbele dhidi ya bakteria na fangasi. Hizi hushuka zaidi takriban siku ya 7 hadi ya 14 baada ya dozi, kisha hupanda tena. Kwa hiyo kwa mgonjwa huyo tarehe ya safari ina uzito kuliko hata aina ya usafiri. Mwenye selimundu huwa na wengu usiofanya kazi vizuri, na hivyo huwa hatarini zaidi kwa bakteria fulani. Anayeishi na VVU akitumia dawa vizuri na CD4 zake zikiwa juu, yuko mbali sana na asiyetumia.

Jambo moja linawagusa wengi wao: chanjo huenda zisiwalinde kama zinavyokulinda wewe. Na chanjo zenye virusi hai vilivyodhoofishwa, kama ile ya surua, kwa kawaida haziruhusiwi kwa mtu anayetumia dawa kali za kushusha kinga. Yaani ulinzi wa dada yako unategemea sana watu waliomzunguka, na hewa iliyo kati yake na wao.

Hili si la kufikirika. Desemba 2014 surua ilisambaa kuanzia bustani za Disney za California. Hadi mapema Februari 2015, wagonjwa 125 wakazi wa Marekani walikuwa wamethibitishwa kuhusishwa na mlipuko huo. Virusi vya surua vinaweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka. Unaweza kuambukizwa na mtu ambaye hukuwahi kumwona.

Pumzi ya mtumba

Sasa twende kwenye fizikia. Mtu anapopumua, kuongea au kuimba, hutoa chembechembe ndogo za majimaji. Kubwa huanguka karibu naye. Ndogo huelea kama moshi wa sigara. Mfano wa moshi ni mzuri sana, ushike: popote ambapo ungesikia harufu ya sigara ya mwenzako, ndipo unapopokea pumzi yake.

Mwaka 1974, katika shule moja ya jimbo la New York, mtoto mmoja mwenye surua aliambukiza wenzake 28 waliokuwa katika madarasa 14 tofauti. Mfumo wa hewa ulikuwa unairudisha hewa ileile madarasani. Richard Riley na wenzake waliuchambua mlipuko huo mwaka 1978, na kutokana na kazi yao na ile ya William Wells tukapata mlinganyo unaotumika hadi leo, wa Wells na Riley. Ukiuvua hesabu zake, unasema hivi: hatari hupanda kadiri idadi ya wagonjwa inavyoongezeka na kadiri unavyokaa muda mrefu, na hushuka kadiri hewa safi inavyoingia kwa wingi.

Hewa safi haionekani kwa macho, lakini kuna ujanja wa kuikadiria. Hewa ya nje ina kaboni dioksidi sehemu 420 hivi kwa milioni. Hewa tunayotoa puani ina kama 40,000. Kipimo kidogo cha mkononi kikisoma 2,000 ndani ya chombo, maana yake karibu asilimia 4 ya hewa uliyoivuta imeshapita kwenye mapafu ya mtu mwingine. Kati ya kila pumzi 25, moja ni ya mtumba! Kikisoma 800, ni kama pumzi moja kati ya 100. Kipimo hiki hakigundui virusi, na hakijui kama chombo kina vichujio vizuri vya hewa, ila kinakuambia mnagawana hewa kiasi gani.

Ukipanda daladala Dar es Salaam unalijua hili bila kipimo. Madirisha yakiwa wazi na gari linatembea, hewa inapita. Mvua ikinyesha, vioo vikafungwa, dakika tano tu kila kitu ni jasho na mvuke. Watafiti wameshapima kaboni dioksidi kwenye usafiri wa umma wa jiji hilo ili kukadiria hatari ya kifua kikuu. Fizikia ya Kariakoo na ya Florida ni moja.

Vyombo vyenyewe

*Pantoni.* Anayefika kwa gari kwenda bustani ya Magic Kingdom hushukia kituo kikuu cha usafiri, na hapo ana njia mbili: pantoni inayovuka ziwa, au treni ya reli moja. Pantoni hubeba hadi watu 600, idadi inayotisha ukiisikia. Lakini pande zake ziko wazi na upepo wa ziwa unapita. Moshi wa sigara ungepeperushwa. Hatari inayobaki ni ya karibu, yaani mtu anayekohoa pembeni yako kabla upepo haujaichukua pumzi yake. Dawa yake ni kusimama ukingoni, upande upepo unakotokea.

*Treni ya reli moja.* Imekuwepo tangu 1971. Ni ya haraka na watoto wanaipenda. Ila mabehewa yamefungwa, yana kiyoyozi, na saa za msongamano watu husimama wakigusana mabega. Kumbuka, kiyoyozi kupoza hewa hakumaanishi kuibadilisha. Hewa inaweza kuwa baridi na bado ni ya mtumba.

*Basi.* Ndilo linalofika karibu kila mahali, na kwa hoteli nyingi halikwepeki. Lina sifa zote za treni pamoja na safari ndefu zaidi. Wakati mbaya kuliko wote ni baada ya fataki za usiku, bustani nzima inapotaka kurudi kulala kwa mara moja.

*Vibanda vya waya.* Mfumo wa Skyliner ulifunguliwa Septemba 2019. Ni vibanda vinavyoning'inia kwenye waya, kila kimoja kikibeba hadi watu 10, vikiunganisha bustani za Epcot na Hollywood Studios na baadhi ya hoteli. Havina kiyoyozi, hewa huingia kupitia matundu kibanda kinapotembea. Kikisimama angani, mtiririko huo hupungua na joto hupanda.

*Gari.* La familia lina hewa ya familia tu. Likiwa la kukodi lenye dereva, usifungue dirisha lililo karibu nawe peke yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walionyesha kwa kompyuta kwamba abiria akikaa nyuma upande usio wa dereva, kufungua dirisha la mbele lisilo la dereva na lile la nyuma ya dereva hutengeneza mkondo wa hewa unaowatenganisha. Na kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kizimwe.

Hesabu ndogo ya kibanda

Hapa ndipo wengi hukosea. Kipi bora, basi kubwa lenye watu 50 au kibanda kidogo chenye wageni 6?

Tufanye makadirio ya mfano tu: mtu 1 kati ya 50 anaambukiza siku hiyo. Uwezekano wa basi la watu 50 kuwa na angalau mgonjwa mmoja ni karibu asilimia 64. Kwa kibanda chenye wageni 6, ni kama asilimia 11. Kibanda kimeshinda? Subiri kidogo. Mgonjwa huyo akiwemo, pumzi yake inajaza chumba kidogo sana, na mmekaa mkitazamana goti kwa goti. Kwa hiyo bahati ya kumkosa ni kubwa, ila ukimpata, umempata kweli.

Sasa badili kitu kimoja: familia ipande kibanda peke yake. Wageni ni sifuri, na hatari ya kuambukizwa na mgeni mle ndani inashuka karibu kabisa. Inabaki ile hewa iliyoachwa na waliotangulia, ambayo matundu huiondoa kibanda kinaposafiri. Siku isiyo na foleni, kumwomba mhudumu kwa upole mpande wenyewe mara nyingi kunawezekana. Si haki ya lazima, lakini kuomba hakugharimu kitu.

Barakoa nayo ina hesabu yake. N95 hutengenezwa ichuje angalau asilimia 95 ya chembe ndogo, mradi imebana usoni. Tuseme kwa matumizi ya kawaida inapunguza dozi mara 10. Ukichagua chombo chenye hewa bora mara 4, hujapata 14, umepata 40. Kinga huzidishana. Ndiyo maana "vaa barakoa" peke yake ni jibu nusu.

Na mikono? Inawe, hasa baada ya kushika vyuma vya kujishikiza. Ila jua kwamba vitakasa mikono vyenye spiriti havifanyi kazi vizuri dhidi ya norovirusi, ile ya kutapika na kuhara. Kabla ya kula, maji na sabuni.

Kila chaguo lina bei

Usifikiri jibu ni kukaa nje muda wote. Watu waliopandikizwa viungo wana hatari kubwa zaidi ya saratani ya ngozi, na baadhi ya dawa zao huifanya ngozi iwe dhaifu mbele ya jua. Joto la Florida hukausha mwili, na upungufu wa maji unaweza kuidhuru figo. Kwa hiyo kutembea mchana wa Julai ili kulikwepa basi kunaweza kuwa kosa kubwa kuliko basi lenyewe. Vibanda vya waya navyo husimamishwa kukiwa na radi, na Florida ina radi nyingi wakati wa kiangazi. Mpango wa pili uwepo, la sivyo basi lililojaa ndilo litakalokuwa mpango.

Basi umwambie nini dada?

Kwanza, tarehe azipange na daktari wake, na kila mtu wa nyumbani anayeweza kuchanjwa awe amechanjwa kabla. Pili, achague hoteli kwa kuangalia ramani ya usafiri: iliyo karibu na kituo cha vibanda, au ile inayowezesha kutembea hadi lango la Magic Kingdom. Tatu, kwenye kituo kikuu apande pantoni, asimame ukingoni, na kofia kichwani. Nne, aondoke nusu saa kabla ya fataki kuisha, au akae mpaka umati upungue. Tano, akilazimika kupanda basi au treni, N95 aivae tangu kwenye foleni, asisubiri mpaka akae kitini, na akiona limejaa aliache, asubiri lingine.

Hakuna hata moja kati ya haya linaloifanya hatari iwe sifuri. Lakini dada hakuuliza sifuri. Angetaka sifuri angebaki nyumbani, na watoto wangeendelea kujua kwamba mama ni mgonjwa. Aliuliza namna ya kwenda. Sasa ukipokea simu yake, una cha kumwambia. Na kesho kwenye daladala, wewe mwenyewe fungua dirisha. Huwezi kujua aliyekaa nyuma yako anameza vidonge gani.