Mtoto hana damu: Je, uboho unazalisha?

Mtoto akipauka viganja na ulimi hapa Nachingwea au Ruangwa, jibu la haraka ni moja tu: hana damu. Kuanzia hapo kila mtu ni daktari. Bibi ataleta juisi ya rozela, jirani atasisitiza matembele, na baba atapita duka la dawa kununua dawa ya kuongeza damu. Matembele ni chakula kizuri, hatuna ugomvi nayo. Ugomvi wetu ni kutibu kabla ya kujua damu imekwenda wapi.

Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho, ule ute laini ambao wengi wetu huufyonza kwenye mfupa wa mbuzi siku ya Idi. Uboho wa mtu mzima mwenye afya huzalisha chembe nyekundu zipatazo milioni 2 kila sekunde, na kila chembe huishi siku zipatazo 120. Basi swali la msingi ni hili: je, kiwanda kinafanya kazi ila damu inapotea au kuvunjika, au kiwanda chenyewe kimelegea?

Swali hilo lina kipimo, tena si cha ajabu. Chembe nyekundu changa zikitoka kwenye uboho hubaki na masalia fulani ndani yake kwa siku 1 au 2. Mtaalamu wa maabara akichanganya damu na rangi maalumu ya buluu, masalia hayo huonekana kwenye hadubini kama nyuzi za wavu. Chembe hizo huitwa retikulosaiti. Kwa mtu mwenye afya, katika kila chembe nyekundu 100, changa ni 1 au 2 hivi. Damu ikipungua, uboho wenye nguvu huongeza kasi na changa huwa nyingi. Damu ikiwa chini na changa nazo ni haba, ujue uboho haujaitikia.

Chukua safura. Minyoo yake hupenya ngozi ya miguu peku mahali penye kinyesi, kisha hufyonza damu tumboni polepole kwa miezi. Madini ya chuma yakiisha, uboho unataka kazi lakini hauna malighafi. Hapo dawa ya minyoo na vidonge vya madini ya chuma ndiyo tiba yenyewe, na baada ya wiki moja hivi retikulosaiti hupanda, ishara kwamba kiwanda kimeamka. Choo safi na viatu vya mtoto, hata kandambili za kwendea kwenye mikorosho, ni sehemu ya tiba hiyo.

Selimundu ni kinyume chake. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo Tanzania kila mwaka. Chembe zao huishi siku 10 hadi 20 tu, hivyo uboho hukimbizana usiku na mchana, na retikulosaiti zaweza kufika 10 au zaidi katika 100. Kumpa mtoto huyu madini ya chuma kila anapopauka, bila kupima, si kumsaidia. Akiwa ameongezewa damu mara nyingi, chuma hujikusanya na kuumiza ini na moyo.

Hatari kubwa ni pale kiwanda kinachokimbia hivyo kinaposimama ghafla. Kuna kirusi kiitwacho parvovairasi B19, ambacho kwa mtoto mwingine huleta homa ndogo na vipele. Kwa mwenye selimundu husimamisha uzalishaji kwa siku 7 hadi 10. Kwa chembe za siku 120 huo ni muda mdogo. Kwa chembe za siku 10 ni msiba. Mzazi akiona mtoto aliyekuwa na nafuu jana leo amepauka kabisa, anahema na hawezi kusimama, asisubiri gari la kesho.

Zipo hali ambazo kipimo cha damu pekee hakitoshi. Chembe za aina zote zikishuka pamoja, fizi zikatoka damu, homa zisiishe, daktari anaweza kuandika rufaa ili uboho uchukuliwe na kupimwa. Wengine hukataa kwa kudhani watatobolewa uti wa mgongo. Sivyo. Sindano hupita kwenye mfupa wa nyonga, baada ya ganzi. Wataalamu huangalia kama kiwanda ni kitupu, au kimejaa chembe za saratani. Kipo pia kipimo cha Ki-67, kilichotokana na kazi ya watafiti wa Kiel, Ujerumani, mwaka 1983: chembe iliyo katika kugawanyika hushika rangi, iliyopumzika haishiki. Katika uvimbe wa taya wa watoto ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Kampala, karibu chembe zote hushika rangi. Uvimbe ule hukua kwa siku, si kwa miezi, na ukiwahiwa hutibika kwa dawa. Wiki mbili za kuzungushwa kwa waganga ni nyingi mno.

Hata tiba huhitaji hesabu hiyo. Haidroksiurea, dawa ya selimundu, ilionekana katika utafiti uliotolewa mwaka 2018, uliohusisha watoto wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, kupunguza maumivu, malaria na vifo. Lakini dawa hiyo hupunguza kasi ya uboho, kwa hiyo anayeitumia hurudi kupimwa kila anapopangiwa.

Kutoka Nachingwea hadi Muhimbili ni zaidi ya kilomita 500, na karatasi za majibu hupotea njiani. Mama, zitunze zote katika daftari moja, na uandike tarehe kila mtoto anapoongezewa damu. Damu ya mtu mwingine ikishachanganyika na yake, hesabu ya retikulosaiti hubadilika. Muulize muuguzi, kwa adabu, kama sampuli ya vipimo imeshachukuliwa kabla chupa haijatundikwa.