Mwanao anashinda kwenye kompyuta? Kagua meza yake kabla mkono haujafa ganzi

Jumapili moja asubuhi mdogo wangu alidondosha kikombe cha chai. Wiki iliyofuata akadondosha kingine. Mama akamwambia anakesha sana, ndiyo maana mikono haina nguvu. Yeye akacheka, akaokota vipande na kurudi chumbani kwake.

Mdogo wangu ana miaka 23. Anatengeneza programu za kompyuta, na kazi hiyo anaifanyia nyumbani kwetu Tabata, Dar es Salaam. Kompyuta mpakato anayoitumia alinunuliwa na mama kwa mkopo wa kikoba, deni lililochukua mwaka mzima kuisha.

Siku chache baadaye niliamka usiku kunywa maji, nikamkuta amekaa kitandani anakung’uta mkono wa kulia kama mtu anayekausha maji.

“Dada, usimwambie mama,” alisema. “Vidole vinakufa ganzi kila usiku. Huu ni mwezi wa tatu.”

Nikamuuliza kwa nini amenyamaza muda wote huo.

“Ataona hela yake ya kikoba ndiyo imeniletea ugonjwa.”

Mzazi, huenda na wewe una kijana kama huyu ndani. Tunamsifu kwa kuwa hatoki, hanywi, yuko na kompyuta yake tu. Mara chache tunaingia chumbani kutazama amekaaje.

Vidole gani vinakufa ganzi?

Hilo ndilo swali la kwanza nililomuuliza. Akanionyesha gumba, kidole cha shahada na cha kati. Kidole cha mwisho hakikuwa na shida.

Jibu hilo lina maana. Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba ambamo hupita mshipa wa fahamu unaohudumia gumba, shahada, kidole cha kati na sehemu ya kidole cha pete. Mshipa huo ukibanwa, mtu huhisi ganzi au kuchomwachomwa, hasa usiku, na huanza kudondosha vitu.

Kompyuta si lazima iwe ndiyo chanzo. Kisukari, ujauzito, uzito mkubwa na matatizo ya tezi ya shingo huweza kuleta hali hiyohiyo. Ndiyo maana tulianzia hospitali, si dukani. Daktari alimpima, akampa kifaa cha kufunga kifundo usiku ili kisikunjike akiwa amelala, na akatutaka tukatazame mahali anapofanyia kazi.

Tulichokikuta chumbani

Kompyuta ilikuwa juu ya meza ndogo ya chai, na yeye alikalia kiti cha plastiki. Shingo ilikuwa imeinama, mabega yamepanda, na vifundo vya mikono vimelalia ukingo mkali wa meza. Hivyo ndivyo alivyokuwa akikaa saa 9 au 10 kwa siku.

Tatizo la kompyuta mpakato liko kwenye umbo lake: kioo na kibodi vimeshikana. Ukiweka kibodi mahali pazuri kwa mikono, kioo kinakuwa chini mno kwa shingo. Ukiinua kioo, mikono inaning’inia. Dawa yake ni kuvitenganisha.

Tulifanya hivi:

• Kompyuta tuliiweka juu ya vitabu vyake vya chuo mpaka ukingo wa juu wa kioo ukalingana na macho, umbali wa mkono ulionyooshwa.

• Tulinunua kibodi ya pembeni na mausi yake, vyote kwa Sh30,000 Kariakoo. Kibodi ilikaa chini, viwiko vikiwa karibu na mwili na vimekunjwa kama herufi L, vifundo vikiwa vimenyooka.

• Meza ya chai ilirudi sebuleni, akapewa meza ya zamani ya kusomea. Kwenye kiti tuliongeza mto wa kukalia na mwingine nyuma ya kiuno. Miguu lazima ikanyage chini kikamilifu. Kama haifiki, weka tofali au kigoda.

• Meza tuliigeuza ili dirisha liwe ubavuni. Mwanga ukitoka mbele au nyuma humfanya mtu akunje macho au apinde shingo kukwepa mng’ao.

Anahitaji kompyuta mpya?

Hapa ndipo wazazi wengi tunatoa hela bila kuuliza. Kwa miezi kadhaa mdogo wangu alikuwa akilalamika kwamba kompyuta ni nzito, na mama alishaanza kufikiria mkopo wa pili.

Nilimwomba anionyeshe anachotumia. Programu yake kuu ya kuandikia inaitwa Vim. Ni ya bure, na ni nyepesi kiasi cha kufanya kazi hata kwenye kompyuta ya zamani. Uzito ulitokana na mambo mengine aliyoyafungua kwa pamoja. Alipoyapunguza, wazo la mkopo likafa.

Vim ilitolewa mwaka 1991 na Mholanzi Bram Moolenaar, aliyefariki dunia mwaka 2023. Hakuiuza. Aliwaomba wanaoipenda wachangie watoto wa Kibaale, kusini mwa Uganda, eneo ambako UKIMWI uliacha yatima wengi. Ujumbe wa kuwasaidia watoto hao uliwekwa kwenye ukurasa wa kwanza wa programu yenyewe.

Faida nyingine ni kwamba anayeizoea hufanya karibu kila kitu kwa kibodi, hivyo mkono haukimbilii mausi kila dakika. Lakini kibodi nayo ina madhara yake. Richard Stallman, Mmarekani aliyeanzisha mradi wa GNU mwaka 1983, amesimulia kuwa katikati ya miaka ya 1990 mikono ilimuuma hata sehemu kubwa ya siku akawa anaandika kwa kidole kimoja. Ikabidi waajiriwe watu wa kumwandikia. Baada ya miaka kadhaa aligundua kuwa vitufe vya kibodi yake vilikuwa vigumu kubonyeza. Alipopata laini, maumivu yakapungua sana.

Kwa hiyo ukienda dukani na mwanao, mwache abonyeze vitufe kwa muda kabla hujalipa.

Na macho je?

Mtu akikodolea kioo hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, ndiyo maana yanakauka na kuwasha. Madaktari wa macho wanashauri kila baada ya dakika 20 atazame kitu kilicho umbali wa takriban mita 6, kwa sekunde 20. Miwani ya kuzuia mwanga wa bluu inayouzwa sana haijathibitika kupunguza uchovu wa macho, kwa hiyo usiharakishe kuinunua. Akilalamika kuona ukungu au kichwa kuuma, apimwe macho.

Mama aliposikia

Nilimshawishi mdogo wangu aseme mwenyewe. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akamshika ule mkono.

“Mwanangu, deni nilishalilipa. Huu mkono nitaukopa wapi?”

Tangu siku hiyo hamwachi akae saa nzima mfululizo. Mara amletee maji, mara akazime jiko, mara akafungue geti. Mdogo wangu ananung’unika, lakini anainuka, na kuinuka huko ndiko daktari alikokutaka. Ganzi ya usiku imepungua, ingawa bado anarudi kliniki.

Leo jioni ingia chumbani kwa mwanao. Tazama shingo, vifundo na miguu, kisha muulize kama kuna sehemu inauma, na umwambie kabisa kwamba hutakasirika. Usingoje akuambie, maana anaweza kuwa anakuonea huruma. Ukisikia ganzi inayomwamsha usiku, mkono unaodondosha vitu au msuli wa chini ya gumba unaonywea, mpeleke hospitali mapema. Mshipa uliobanwa kwa muda mrefu unaweza kubaki na madhara ya kudumu.