Fahamu: Kwa nini mvuke huunguza kuliko maji ya moto

Mwaka 2020, corona ilipoingia, Rais John Magufuli alihimiza kujifukiza kwa mvuke, na nyungu zikachemka nyumba kwa nyumba Dar es Salaam. Hatari ya mvuke huo anaijua mama lishe wa Kariakoo anayefunua sufuria ya wali, mfuniko ukielekea kifuani kama ngao.

Mvuke ukigusa ngozi hugeuka maji na kuachia joto lote lililoufanya uwe mvuke. Gramu moja huachia zaidi ya mara 9 ya joto la gramu moja ya maji yanayochemka.

Ukiungua, vua pete na bangili kabla vidole havijavimba, kisha tiririshia palipoungua maji ya bomba dakika 20. Ishirini kamili, jamani. Usiishie mbili. Pasipo bomba, mimina kwa kopo polepole. Dawa ya meno, mayai na barafu huongeza madhara tu. Malengelenge usiyatumbue, funika kwa kitambaa safi kisichonata.

Aliyevuta mvuke mkali, sauti ikakwaruza au akahema kwa shida, awahishwe hospitali papo hapo, maana koo linaweza kuvimba na kuziba. Na mtoto asiingizwe kabisa chini ya blanketi la nyungu.